Ulimi wa Subilaga

Kijiko cha kumi na nne kilipoingia kinywani, Subilaga Mwaisumo alijua kwamba hawezi tena kujidanganya. Aliivuta chai kwa kishindo kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka thelathini na mitatu, akaizungusha ulimini, akaisukuma hadi kwenye kaakaa, akaitema kwenye ndoo. Hakuna kitu. Maji ya moto, basi. Ungemwekea maji ya kuoshea vyombo, asingejua tofauti.

Vikombe ishirini vyeupe vilikuwa vimepangwa mbele yake kwenye meza ndefu ya chumba cha kuonjea. Nje, mvua ya Rungwe ilikuwa inanyesha juu ya mashamba ya chai, mvua isiyo na haraka, kama ilivyo desturi yake. Msaidizi wake, Mbutolwe, alisimama kando na daftari mkononi.

"Cha kumi na nne, dada?"

"Kizuri. Kizito, kimekomaa. Daraja la kwanza."

Mbutolwe hakuandika. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mpole kupita kiasi, na katika miaka kumi na miwili ya kufanya kazi pamoja hakuwahi kumbishia Subilaga hata mara moja. Alichukua kijiko chake, akaonja, akatema.

"Dada Subi, hiki kimeungua. Kina moshi kama kimekaushiwa juu ya mafiga. Hata mimi nausikia."

Subilaga aliweka kijiko mezani taratibu. Aibu ilikuwepo, ndiyo, lakini ilikuwa ndogo. Kilichomjaa kweli ni hasira. Alijua siku ladha ilipoanza kuondoka, na alijua nani kaichukua.

Kaichukua Mlinzi.

Kila mtu nchini aliyetimiza miaka thelathini na mitano alikuwa naye: kifaa cha ukubwa wa punje ya haragwe, kilichopandikizwa chini ya mtulinga wa kushoto. Kila baada ya dakika kumi na moja kilipima damu, kikapeleka majibu Mamlaka ya Siha kupitia minara ya simu. Ndani yake mlikuwa na vyumba sita vya dawa, kila kimoja kidogo kuliko chawa, vinavyojazwa kwa sindano kila baada ya miezi mitatu. Kikiona kasoro kilifungua chumba kinachohusika chenyewe, bila kumwuliza mwenye mwili, kama vile bomba la dari linavyomwaga maji likihisi moto bila kumwuliza mwenye nyumba. Mamlaka walikiita Mlinzi. Watu wa kijiji chake, Lupando, walikiita askari.

Wiki tatu nyuma, siku ya Jumatatu, Subilaga alikuwa anamenya ndizi jikoni kwake aliposikia mtetemo mdogo chini ya mfupa. Simu ikaandika: *Kasoro ya mapigo ya moyo imegunduliwa. Chumba cha nne kimefunguliwa. Endelea na shughuli zako.* Akaendelea. Jumatano sukari ikawa mchanga. Ijumaa chumvi ikawa unga. Na sasa chai, kazi iliyomlea yeye na kumlelea watoto wake wawili mpaka wakaondoka, imekuwa maji ya moto.

"Andika ulivyoonja wewe," alimwambia Mbutolwe, akavua aproni. "Mimi nakwenda kwa daktari."

*

Kituo cha Mamlaka kilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, jengo la kijani lenye maandishi ukutani: MWILI WAKO NI HAZINA YA TAIFA. Subilaga alikuwa ameyapita maandishi hayo miaka kumi na minne bila kuyasoma. Siku hiyo aliyasoma yote, akasonya kwa nguvu hadi mlinzi wa getini akageuka.

Daktari Ambele Kasyupa alikuwa kijana wa miaka thelathini na mbili, mwenye sauti ya kubembeleza. Alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akachora moyo kwenye karatasi, kwani alikuwa na tabia hiyo nzuri ya kuwachorea watu.

"Hivi vyumba vya juu, mama, kwako vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu inatuama hapa kwenye kona. Ikituama, inaganda. Donge likitoka likapanda kichwani, ni kiharusi. Dawa ya chumba cha nne inatuliza mtetemo."

"Na inaua ulimi."

"Kwa watu wachache."

"Mimi ndiye hao wachache. Ifunge."

Ambele alikuna shingo. "Bila dawa, kati ya watu mia wenye hali yako, kumi na tisa watapata kiharusi au kufariki ndani ya miaka mitano. Wakiwa na dawa, ni sita."

"Kumi na tisa kati ya mia."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo themanini na mmoja watakuwa wazima, na ndimi zao. Nimeelewa, daktari, umenieleza vizuri kabisa. Niweke kwenye hiyo mia. Nina miaka sitini na moja na nina akili timamu. Niandikie, nitie sahihi."

"Si mimi ninayeamua."

"Ni nani?"

Akageuza skrini ili aione. Ilikuwa orodha ya madhara yanayoruhusu dawa ibadilishwe: upofu, kupooza, kutapika zaidi ya siku kumi, mimba. Subilaga aliisoma yote, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Ladha haimo," alisema Ambele.

"Kwa nini haimo?"

"Haiui mtu, mama."

Alihisi damu ikimpanda usoni, na akajua kwamba huko mbali, mahali fulani, mashine ilikuwa inahesabu hata hiyo. "Nitafute daktari mwingine, basi."

"Hakuna daktari mwingine. Sote ni wa Mamlaka. Ukimkuta anayetibu nje ya Mamlaka, huyo anavunja sheria." Kisha akasema kwa sauti ya chini, na sasa hakuwa anabembeleza tena: "Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alipewa vidonge vya presha akaviweka juu ya kabati, akasema havimpi raha. Alianguka sebuleni nikiwa na miaka tisa. Tulikuwa sita. Mlinzi angekuwepo wakati ule, baba angekuwepo leo. Usinione nasoma fomu tu."

Subilaga alimtazama. Alikuwa mzazi, na alimwona yule mtoto wa miaka tisa ndani ya koti jeupe.

"Pole sana, mwanangu. Kweli pole. Lakini mimi si baba yako, na huwezi kumwokoa yeye kwa kunifunga mimi."

Ambele akamjazia fomu ya kwenda mbele ya Jopo la Misamaha, Mbeya. Ndicho alichoweza.

*

Jopo lilimsikiliza kwa dakika tisa. Watu watatu kwenye skrini, katikati yao mama mmoja mwenye miwani na tabasamu la mwalimu wa chekechea.

"Bi Subilaga, unaelewa kwamba unaomba ruhusa ya kufa mapema?"

"Siombi kufa. Naomba kufanya kazi yangu."

"Kiwanda kinaweza kukupangia kazi nyingine. Mapokezi, kwa mfano."

"Mheshimiwa, nikikuondolea macho halafu nikakupangia kazi ya kubeba maji, utanishukuru?"

Yule mama hakukasirika. Hilo ndilo lililomuuma Subilaga kuliko yote; waliosimama juu ya shingo yake hawakuwa hata na haja ya kupandisha sauti. Waliondoka kidogo, wakarudi, na uamuzi ukasomwa: maombi ya kukataa tiba yenye manufaa yaliyothibitishwa ni dalili ya huzuni iliyojificha, mwombaji ataongezewa tiba ya huzuni kuanzia leo, maombi yamekataliwa kwa upendo.

Neno hilo, *upendo*, lilikuwa kwenye karatasi, na mhuri juu yake.

Alikuwa bado kwenye korido, anatafuta mlango wa kutokea, aliposikia mtetemo chini ya mfupa. Chumba cha tano. Alisimama akashika ukuta. Aliwaza kurudi mle ndani akawatolee maneno ambayo hajawahi kumtamkia mtu. Maneno yalikuwepo, yamepangana. Lakini baada ya robo saa, akiwa ameketi kwenye benchi la kituo cha basi, aliyatafuta akayakuta yamelainika, kama mkate uliotumbukia kwenye uji. Watu wale hawakuwa wabaya. Walikuwa na kazi yao. Mvua ilikuwa nzuri.

Ndipo akaelewa wanachomfanyia, na kwa nguvu iliyobaki akapekua mkoba wake. Akapata mfuko wa karatasi wa sampuli za chai na kalamu. Akaandika kwa herufi kubwa, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka:

WAMECHUKUA ULIMI. SASA WANACHUKUA HASIRA. UMEKASIRIKA, SUBI. UNA HAKI. USIKUBALI UKIJISIKIA VIZURI.

Kwa siku kumi na moja alijisikia vizuri. Alilala vizuri. Aliwasalimia watu njiani. Alikaa mapokezi kiwandani akigonga mihuri kwenye barua. Kila asubuhi, kabla ya kunywa maji ya moto aliyoyaita chai, aliutoa ule mfuko akausoma kama mtu anavyosoma barua ya mgeni. Haukumgusa moyo. Lakini mwandiko ulikuwa wake, na mwandishi alikuwa mtu aliyemwamini maisha yake yote. Siku ya kumi na mbili aliamua kumtii.

*

Mume wa Mbutolwe, Gwakisa, alikuwa daktari wa mifugo. Kijijini Lupando ndiye pekee aliyekuwa na kisu cha upasuaji na dawa ya ganzi bila kuulizwa na mtu, kwa sababu sheria iliyowahesabu binadamu mmoja mmoja haikuwa imefika kwa ng'ombe. Subilaga alimkuta kwenye banda la kukamulia siku ya Jumapili alasiri, anaosha mikono baada ya kuzalisha ndama. Alimweleza kwa utulivu ule wa dawa, kana kwamba anamweleza habari za jirani. Akamwonyesha mfuko wa karatasi.

Gwakisa alisoma mara mbili. Alikuwa mtu mkubwa, wa maneno machache. "Ni kazi ya dakika ishirini," alisema. "Kiko chini ya ngozi tu. Shida si kukitoa."

"Najua shida. Nimeuliza. Kumtolea mtu mwingine ni miaka kumi na tano jela. Nikikufia hapa, ni mauaji. Kwa hiyo nimekuja unielekeze tu, shemeji, nikate mwenyewe kwa kioo. Sitaki ulimi wangu ukufunge wewe."

"Utakata mshipa mkubwa ulioko pale, utakwisha kabla hujaita mtu."

"Basi iwe juu yangu."

"Dada!" alidakia Mbutolwe, aliyekuwa mlangoni na ndoo ya maziwa. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Sikiliza unavyoongea! Unaongea kama unaagiza sabuni!"

Gwakisa alifuta mikono polepole. "Ulikwenda hadi Mbeya," alisema, "kuwaambia watu wasikuamulie mwili wako kwa sababu eti wanakuhurumia. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Na sasa unaniamulia mimi mikono yangu. Kwa huruma."

Subilaga aliuchukua mfuko wake wa karatasi, akaukunja.

"Hukuniuliza kama nataka," Gwakisa aliendelea. "Umekuja na jibu langu mfukoni. Niulize."

Ng'ombe alihema kwenye zizi. Subilaga alimtazama Mbutolwe kwanza, kwani miaka kumi na tano ya jela ingekuwa yake pia. Mbutolwe aliweka ndoo chini, akajifuta uso kwa kanga. Kisha akainamisha kichwa mara moja: ndiyo.

"Shemeji," Subilaga alisema, "hiki kitu kinaweza kukuponza, na kinaweza kuniua. Utanitolea?"

"Nitakutolea. Lala hapo, juu ya turubai."

Ilichukua dakika thelathini na tano. Alihisi kuvutwa, si maumivu. Kisha Gwakisa akamwonyesha kwenye koleo: punje ya kijivu yenye damu, bado inatetemeka kidogo, ikitafuta mtu wa kumlinda.

*

Subilaga alikosea jambo moja tu. Alidhani kitanyamaza. Hakikunyamaza, kilipokosa joto la mwili kilifanya kama kilivyofundishwa, kikapeleka taarifa ya kifo. Jumatatu saa nne asubuhi Daktari Ambele alifika nyumbani kwake na maofisa wawili, machela na fomu ya rambirambi, wakamkuta marehemu barazani anachambua maharage.

Ambele alishika fremu ya mlango. "Mama Subi. Nililia njia nzima."

"Pole," alisema Subilaga. Dawa ya chumba cha tano ilikuwa inatoka mwilini, na hasira ilikuwa inarudi vipande vipande, kama hisia zinavyorudi kwenye mguu uliokufa ganzi. Ilichoma. Aliikaribisha. "Kaa chini, usinililie nikiwa hapa."

Ofisa mmoja alisoma masharti. Kwa kumbukumbu za taifa yeye amefariki. Atafufuliwa akikubali Mlinzi mpya na kumtaja aliyemkata. Asipokubali atabaki alivyo, na mfu hana dawa, hana sindano, hana kitanda, hana gari la wagonjwa. Na yeyote wa Mamlaka atakayemtibu anatumia mali ya umma kwa mtu asiyekuwepo.

"Umemaliza?" Subilaga aliuliza, akasimama. Maharage yakamwagika kutoka mapajani. "Sasa nisikilize. Miaka kumi na minne mmenipima damu kila dakika kumi na moja. Mnajua sukari yangu, mnajua usingizi wangu, mnajua nikigombana na mtu. Katika siku zote hizo hakuna mmoja wenu aliyewahi kuniuliza, 'Subilaga, unataka?' Hata mara moja! Mchungaji huomba ruhusa kabla ya kuniwekea mkono kichwani. Fundi nguo huomba kabla ya kunipima kiuno. Ninyi mmeingia mpaka ndani ya kifua changu, mkafungua na kufunga mnavyotaka, halafu nilipokasirika mkaja kuichukua hasira yenyewe! Sisemi kifaa chenu hakiponyi. Kinaponya. Nasema ni kifua changu. Andika nimekufa. Andika nimekufa, uondoke kwangu!"

Maofisa walitazamana. Ambele alisogea akaomba kuona kidonda, na safari hii alisubiri mpaka Subilaga akafunua shuka la begani mwenyewe. Daktari aliukodolea macho mshono: uzi mnene, mafundo makubwa. Kwao walifuga ng'ombe. Alijua kabisa uzi wa namna ile unashonea nini.

"Nani alikushona?" aliuliza ofisa.

"Mimi mwenyewe," alisema Subilaga.

Ambele alifunika kidonda. "Inawezekana," alisema bila kumtazama mtu. "Mshono ni mbaya vya kutosha." Akaandika kitu kwenye fomu, wakaondoka na machela yao tupu.

*

Ladha ilirudi baada ya wiki mbili, kuanzia na uchungu. Kiwanda hakikuweza kumwajiri marehemu, kwa hiyo wakulima wadogo wakaanza kumletea majani yao barazani, naye akawaambia ukweli, na wengine wakanuna, na wengine wakarudi. Hakuwa na furaha ya kudumu. Alikuwa na hofu kila moyo uliporuka, na usiku mwingine aliuhesabu. Lakini hofu ilikuwa yake, na aliibeba.

Mwezi wa tatu tangu upasuaji, Jumamosi mchana, uani kwa Mbutolwe, moyo ukaruka haukutulia. Ulipapatika kama kuku aliyefungwa miguu. Akaketi chini, jasho likamtoka, akatapika. Mbutolwe akapiga simu ya dharura.

"Jina hilo ni la mtu aliyefariki," ilisema sauti ya upande wa pili.

"Marehemu yuko hapa mbele yangu anatapika!" alifoka Mbutolwe, yule mpole, mpaka majirani wakatoka nje. "Njoo umwone! Njoo umwambie mwenyewe kuwa amekufa!"

Simu ikakatwa. Gwakisa alikuwa milimani kwa mgonjwa wake wa miguu minne. Mbutolwe akampigia mtu mmoja zaidi, bila kumwambia Subilaga ni nani.

Ambele alifika baada ya dakika arobaini, kwa pikipiki, amevaa mabuti ya mvua na sweta, bila koti jeupe, bila kitambulisho. Alipiga magoti kwenye tope mbele ya Subilaga, akatoa chupa mbili ndogo za vidonge vya kumeza, vya aina iliyotumika kabla ya Mlinzi. Akafungua, akanyoosha mkono. Kisha akausimamisha hapo, katikati.

"Mama," alisema, akihema. "Nina dawa. Unataka?"

Subilaga alimkazia macho. Alikuwa anaogopa kufa kuliko alivyowahi kuogopa, na bado alikuwa na hasira naye, hasira nzima, isiyopungua hata tone.

"Ni nini?"

"Hiki cheupe kinapunguza kasi ya mapigo. Mikono itakuwa baridi, utachoka. Sijasikia kikigusa ulimi, lakini sikuapii. Hiki cha njano kinazuia damu kuganda. Ukijikata, utatoka damu nyingi, na itabidi uwe makini maisha yako yote."

"Nikikataa vyote?"

Kwa muda Ambele alikuwa tena yule mtoto wa sebuleni. "Nitakaa hapa na wewe," alisema. "Sitakulazimisha."

"Wakijua umekuja?"

"Hilo ni langu, mama."

Moyo ulikuwa unapiga ovyo. Mbutolwe alikuwa amesimama na kikombe cha maji. Subilaga alivuta pumzi, akanyoosha vidole vyake, akachagua kidonge cheupe kutoka kwenye kiganja cha daktari, akakimeza.

"Hicho cha njano niachie chupa," alisema. "Nitaamua Jumatatu. Na wewe kaa chini hapo, unieleze yote, tangu mwanzo, na usinirukie hata moja."